Chumvi Darini kwa Bibi Maeng

Mpini wa ufagio uligonga kutoka chini mara tatu, na Narae akafunga koki kabla povu halijaisha kwenye nguo za mtoto.

Alikuwa amechuchumaa bafuni, mwanawe Danbi kalala mgongoni ndani ya mbeleko, vidole vimekuwa vyekundu kwa maji ya Novemba. Kugongwa huko alikuzoea kama watu wanavyozoea kengele ya shule. Maana yake ilikuwa moja: tone linadondoka tena. Chini yake alikaa Bibi Maeng, na dari la Bibi Maeng lilikuwa linavuja tangu majira ya mvua. Lakini juma hili halikuwa linavuja tena, lilikuwa linanyesha.

Juzi mwenye nyumba, Mzee Pyo, alimtuma fundi na kifaa cha kuvaa masikioni. Fundi akatembea kwa magoti nyumba nzima akisikiliza sakafu kama daktari anayesikiliza kifua, akasema mabomba ni mazima, hakuna hata moja lililotoboka. Jioni yake Mzee Pyo akapiga simu.

"Sasa binti, kama bomba ni zima, basi kinachovuja ni mkono," alisema. "Unamwaga maji ovyo. Keshokutwa baada ya chakula cha mchana nakuja na jibu langu. Bibi Maeng ni mpangaji wa miaka mingi. Siwezi kumwacha alale na mwavuli."

Jibu lake halikuhitaji mpiga ramli. Mkataba wa Narae na mumewe ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Mumewe alikuwa kusini kwenye kiwanda cha meli, akija nyumbani mara mbili kwa mwezi, na katika mtaa huu wa Incheon nyumba zilikuwa zinapanda bei kila mtu akipiga chafya. Kuhama na mtoto mwenye kikohozi, theluji ikiwa mlangoni, halafu uhame na jina la mpangaji mharibifu. Dalali gani angekupokea?

Keshokutwa yenyewe ndiyo leo.

Mlango ukagongwa. Bibi Maeng akaingia bila kungoja, akavua ndala zake, akasimama katikati ya sebule na bakuli jeupe mkononi. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, nywele zimesokotwa kwa dawa mpaka kila kipindo kikawa kama kipande cha chuma.

"Chungulia," akasema.

Ndani ya bakuli mlikuwa na maji ya rangi ya chai nyepesi.

"Hayo ni ya tangu asubuhi, Mama Danbi. Yananidondokea juu ya kabati langu la harusi. Lile la nakshi za magamba ya chaza, mama yangu alilinunua kabla sijajua kutembea. Mbao zimeanza kuvimba. Milango haifungi. Unaogesha tembo humu ndani?"

"Nimefua kaptula tatu za mtoto, Bibi."

"Kaptula tatu hazijazi bakuli."

"Ndivyo ninavyosema na mimi," Narae akasema, na hapo hapo akasikia alichokisema. "Bibi, kweli kabisa. Hazijazi bakuli. Basi yanatoka wapi mengine?"

Bibi Maeng akamtazama kama mtu aliyeuziwa samaki wa jana.

"Unaniuliza mimi?"

"Tuyatafute. Mimi na wewe, sasa hivi, kabla hajafika."

"Fundi na mashine yake kashindwa, utaweza wewe na mtoto mgongoni?"

"Fundi alitafuta bomba lililotoboka. Alikuta hakuna, akaenda zake. Hakutafuta maji yanapita wapi." Narae alikuwa anasoma darasa la jioni, siku ambazo mumewe yupo au jirani anamshikia mtoto, na mwalimu wao wa sayansi alikuwa na neno moja alilolirudia mpaka likachosha: badilisha kitu kimoja, vingine viache vilivyo, kisha tazama. "Nitafungua maji mahali pamoja tu. Wewe ukae chini ya dari. Tone likidondoka, gonga mara moja. Lisipodondoka, usigonge."

Bibi Maeng akatafuta kosa katika maneno hayo, asilione.

"Nimegonga bure miezi yote," akasema akivaa ndala. "Leo angalau nitagonga kwa faida."

Wakaanza. Narae alipangusa bafu zima kwa matambara mpaka sakafu ikakauka, kisha akafungua koki ya beseni la kunawia na kuyaacha maji yaende. Akangoja. Danbi aliamka, akaanza kuchezea nywele za mama yake. Kutoka chini, kimya.

Akafunga. Akachukua bomba la mvua, akaumwagia ukuta wote wa upande wa beseni, kigae kwa kigae, kama mtu anayeosha farasi. Kimya.

Akamwaga ndoo nzima moja kwa moja kwenye tundu la maji la sakafuni. Yakanywewa kwa mlio mmoja wa kiu, yakaisha. Alipiga goti, akatega sikio sakafuni. Alimsikia Bibi Maeng akikohoa, alisikia redio yake ikitaja bei ya figili. Ufagio haukugonga.

Hapo furaha ikaanza kumpungua. Kama si beseni, si ukuta, si tundu, basi kweli kilichobaki ni mkono wake. Akaiona sura ya Mzee Pyo, ile sura ya upole inayotisha zaidi ya matusi, akaona masanduku ngazini.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Bibi Maeng alisimama bila ndala wala soksi, kidole cha shahada kimesimama hewani, kimelowa.

"Chumvi," akasema.

"Nini?"

"Nimeonja."

"Bibi, umeyaonja hayo maji?"

"Mtu aliyepika miaka hamsini mkono wake hauulizi ruhusa. Nimechovya, nimeonja, ndipo nikakumbuka ni maji ya darini. Sasa usinikatize. Ni chumvi. Na si chumvi ya dukani. Mimi chumvi yangu naiacha kwenye gunia miaka mitatu, uchungu wote unachuruzika, ndipo naitumia. Hii haina uchungu hata kidogo." Akameza mate. "Mama Danbi, ile ni chumvi yangu mimi."

Wakatazamana. Kisha wote wawili, kama waliovutwa kwa kamba moja, wakageuka kuitazama kona ya bafu, nyuma ya mlango.

Siku nne zilizopita ilikuwa zamu ya kutengeneza kimchi, kabichi za kuchachusha za kuliwa majira yote ya baridi. Jengo zima lilinuka vitunguu saumu na pilipili. Bibi Maeng alitengeneza ya watoto wake wote watatu na wajukuu, kabichi za kujaza mkokoteni, na bafuni kwake hapakuwa na nafasi kwa sababu ya mashine ya kufulia. Kwa hiyo alipandisha makarai yake makubwa ya mpira kwa Narae, akayapanga kwenye kona ile iliyo tupu, na kabichi zikalala humo usiku kucha kwenye maji ya chumvi. Asubuhi walizisuuza pamoja. Maji yote ya chumvi, karai kwa karai, waliyamwaga pale pale konani. Bibi Maeng alikuwa akisimamia kwa sauti: mwaga pole pole, usilowanishe zulia, msichana gani huyu hajui kumwaga.

"Halafu jioni ile ndiyo mvua ilianza chumbani kwako," Narae akasema taratibu.

"Nilikugongea mpaka mpini ukapasuka."

"Ulinigongea, Bibi."

"Na nikampigia simu Pyo." Bibi Maeng akaketi juu ya kifuniko cha choo kama gunia lililotupwa. "Basi nimejinyeshea mwenyewe."

Narae alijitahidi kutocheka, akashindwa, na Danbi mgongoni akacheka kwa sababu mgongo ulikuwa unatikisika. Bibi Maeng akawatazama, midomo imebana, kisha na yeye mabega yakaanza kucheza.

"Cheka, cheka," akasema akifuta macho. "Lakini kumwaga maji bafuni si kosa. Kwa nini maji ya kona yaende kwangu badala ya kwenda kwenye tundu?" Akaielekezea kona kidole. "Ngoja. Hapa palikuwa na hodhi."

"Hodhi gani?"

"La kuogea. Refu, la buluu. Kila nyumba ilikuwa nalo, hata kwangu. Kabla hujaja, kiangazi kile, Pyo alileta mafundi. Walipita mlango kwa mlango, wakang'oa mahodhi yote, wakabandika vigae vipya juu. Jengo zima kwa juma moja. Tuliwasifu kwa kasi yao. Mimi pale palipokuwa hodhi nikaweka mashine ya kufulia."

Narae akaitazama kona tena. Hodhi lina tundu lake. Maji ya hodhi yana njia yake ya kushukia. Hodhi likiondoka, ile njia inakwenda wapi?

"Bibi, una zile mbegu za kutia rangi ya manjano? Za kuchovya figili?"

Bibi Maeng alikuwa ameshafika ngazini.

Walizichemsha mpaka maji yakawa manjano kama kiini cha yai. Narae akayapoza, akapangusa sakafu tena, akamwaga yote konani, taratibu, yakatuama kwenye mistari ya katikati ya vigae. Kisha hakuna la kufanya zaidi ya kungoja, na hakuna kazi ngumu kama hiyo. Bibi Maeng chini, Narae juu, dari katikati yao. Alitembea sebuleni na mtoto, akarudi, akachungulia. Maji konani yalikuwa yamepungua. Hayakuwa yametembea kwenda kwenye tundu, sakafu ya katikati ilikuwa kavu kabisa. Yalikuwa yanazama pale pale.

Ufagio ukagonga. Mara moja.

Narae alishika mwimo wa mlango.

Ukagonga tena, na tena, halafu ukaacha kuhesabika, ukawa ngoma. Akashuka ngazi mbili mbili, amemshika Danbi kwa nyuma asiruke mbelekoni. Chumbani kwa Bibi Maeng, juu ya kabati la chaza, bakuli jeupe lilikuwa wazi kama jicho, na katikati yake tone la manjano lilikuwa linatawanyika. Juu yao dari likavimba, likabeba jingine, likaliachia.

"Manjano," Bibi Maeng akasema, akamshika Narae mikono yote miwili akairukisha kama wasichana wa shule. "Manjano kama ya harusi. Mtoto wewe, una kichwa."

Hawakuishia hapo. Njia ya maji walikuwa wameijua, walitaka kuuona mlango wake. Narae alichukua kijiko cha chuma, akapiga magoti bafuni, akagonga vigae kimoja kimoja kutoka mlangoni. Vikajibu vikavu: ti, ti, ti. Alipofika konani kimoja kikajibu kwa sauti nyingine, nzito, ya tumbo tupu.

"Gonga tena," Bibi Maeng akanong'ona.

Pwo.

Ilitosha bisibisi na nguvu kidogo. Kigae kikanyanyuka kizima kama kigaga cha kidonda kilichopona juu tu. Chini yake hapakuwa na lami ya kuzuia maji, hapakuwa na kitu. Palikuwa na mdomo wa bomba la zamani, mpana kama kikombe, umezibwa kwa mfuko wa tambi za haraka uliokunjwakunjwa, na juu ya mfuko saruji kidogo, kama mtu aliyepaka siagi kwa kukumbuka bei yake. Maji ya manjano yalikuwa yanazunguka pembeni ya mfuko, yakimwagikia nje ya bomba na kushuka gizani kuelekea darini kwa Bibi.

"Tambi za kuku," Bibi Maeng akasoma kwenye mfuko. "Wamekula, wakaziba, wakaenda. Kazi imelipuliwa hivi, na mimi nalala chini yake."

Mzee Pyo alifika akinukia sabuni ya bafu la mvuke, mashavu yamemng'aa, koti la kijivu limepigwa pasi. Alivua viatu kwa utulivu, akavielekeza mlangoni, akampa Danbi tabasamu.

"Mtoto anakua," akasema. "Haya binti, tuongee kama watu wa nyumba moja."

"Kwanza njoo uone, bosi," Narae akasema.

Alimwonyesha kona, bomba, mfuko. Alieleza kila hatua kwa furaha zaidi ya hofu, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza maishani kusimama mbele ya mtu mwenye funguo na kuwa na jibu. Mzee Pyo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatazama kigae kilichoegemezwa ukutani.

"Nani alikuruhusu kuvunja nyumba yangu?"

"Sijakivunja. Kilikuwa kimelegea."

"Kilikuwa sakafuni, sasa kiko ukutani. Mimi naita hiyo kuvunja." Hakupandisha sauti. "Sikiliza. Jengo ni la zamani, bomba ni la zamani. Mafundi wale hata majina yao siyajui. Lakini maji kayamwaga nani?"

"Bafuni tusimwage maji," Bibi Maeng akasema kutoka nyuma yake, "tukayamwagie wapi, kitandani?"

Mzee Pyo akageuka. Hakuwa amemwona.

"Dada mkubwa," akasema, "wewe mwenyewe ulinipigia simu. Wewe ndiye uliyesema msichana huyu hana mikono. Mimi nimekuja kukutetea. Nitakubandikia karatasi mpya ya ukutani chumba kizima, ya maua, unayoitaka. Kigae kirudi, nitamtuma mtu apake gundi, na huyu binti ahame mwisho wa mwezi bila maneno. Kila mtu atakuwa amepata kitu."

Narae alimtazama Bibi Maeng, na kwa mara ya kwanza siku hiyo furaha yake ikasimama kwa mguu mmoja. Bibi alikuwa na kabati la mama yake. Alikuwa na haki ya kutaka chumba kikavu, naye alikuwa na miaka sabini na mbili.

"Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi," Bibi Maeng akasema. "Pakacha lako linavuja, Pyo, na mchukuzi ni wewe. Kila tone linalonidondokea ni kazi uliyoikwepa. Karatasi ya maua utanibandikia. Na maji utambandikia nani, atakayehamia baada ya huyu?" Akauokota mfuko wa tambi, akaukung'uta, akautia mfuko wa aproni yake. "Nilisema hana mikono. Nilikosea. Nimeiona mikono yake leo."

Mzee Pyo akavuta pumzi puani.

"Vizuri. Nendeni manispaa mkalalamike. Kuna dawati, kuna mtu mstaarabu sana, atawapa chai ya shayiri. Zamu yenu itakapofika, mtoto huyu atakuwa ameanza shule. Na mkataba unaisha mwisho wa mwezi, dawati au bila dawati." Akaenda mlangoni. "Binti, nikifika chini nataka kigae kiwe kimerudi mahali pake."

Alijua anachosema, na Narae alijua kwamba anajua. Kuhusu foleni ya manispaa alikuwa amesema kweli. Narae alisimama na kigae mkononi, kizito, cha rangi ya maziwa, upande wa chini una alama ya vidole vya mtu aliyekuwa na haraka. Jengo zima kwa juma moja, Bibi alisema. Mlango kwa mlango.

Akakiweka kigae dirishani, mahali panapoonekana kutoka barabarani. Kisha akatoka nje ya mlango na kijiko, akampita Mzee Pyo aliyekuwa ameinama anahangaika na kiatu cha kwanza, akaegemea ukingo wa ngazi.

"Jamani wa juu na wa chini," akaita, si kwa kelele, kwa sauti ya kumwita mtu mezani. "Mwenye dari linalovuja au ukuta unaoota ukungu, achukue kijiko. Agonge sakafu pale palipokuwa na hodhi. Kigae kikisema kama tumbo lenye njaa, aje anieleze."

"Unafanya nini?" Mzee Pyo akauliza.

"Naongea na watu wa nyumba moja, bosi."

Mlango wa juu ukafunguliwa kidogo. Mtu akauliza kijiko cha nini, mwingine akamjibu kwamba ukungu chumbani kwa mwanawe umefika kwenye godoro. Bibi Maeng tayari alikuwa anashuka kwake, mkono kiunoni, akilalamika njia nzima kwamba sasa itambidi aisukume mashine ya kufulia peke yake. Ikasikika ikiburuzwa. Ikatulia.

Ti, ti, ti.

Pwo.

"Mungu wangu," sauti yake ikapanda ngazini. "Wa chini yangu alikuwa ananigongea na mimi. Nilidhani ana wivu."

Kutoka juu kikajibu kijiko kingine, kikavu, kikavu, kisha kizito. Kutoka ghorofa ya chini kabisa kikaanza cha tatu. Mzee Pyo alikuwa bado amesimama kwa mguu mmoja, kiatu cha pili mkononi, kichwa kimeinuka anasikiliza, kama fundi wake alivyosikiliza juzi, isipokuwa yeye hakuhitaji kifaa.

Danbi akanyoosha mkono kutoka mgongoni, akakinyakua kijiko cha mama yake, akaanza kukigonga kwenye chuma cha ukingo wa ngazi. Narae hakumnyang'anya.